Sauti ya Mama, Ukubwa Haujulikani

Jumatatu, 9 Juni

Baba anahamia kwa mdogo wangu wa kike. Jumapili! Ameshaamua. Mimi mtoto wa kwanza, niliyeanza duka hili na meza ya kuazima na mashine moja ya kutoa kopi, sikuulizwa. Sababu eti kwao hakuna ngazi kama kwangu. Sawa. Magoti ni yake.

Asubuhi amekuja dukani, akakaa kwenye kile kiti cha wateja wa picha za pasipoti, akasema anataka kuondoka na kitu kimoja tu. Sauti ya Mama. Ile niliyoirekodi hapa hapa dukani mwaka niliponunua kipaza sauti, kabla Mama hajaanza kuugua. Akasema maneno yake anayakumbuka yote, ila sauti yenyewe imeanza kumtoka. Anaisikia kama mtu anayeongea chumba cha pili, mlango umefungwa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kompyuta haisahau. Nikaandika “Mama” kwenye kisanduku cha kutafutia.

Faili mia tatu na kumi na sita! Kadi za mialiko, barua za kuomba kazi, mtihani wa sayansi kimu. Mama yangu hayumo.

Hapo nikakumbuka. Miaka ile mwenye duka la mbele alikuwa ananiibia miundo ya kadi za harusi. Kwa hiyo kila faili niliipa jina la uongo. Kadi ya harusi niliiita “Ripoti ya mabomba”. Picha za ubarikio kanisani, “Bei za saruji”. Hakuiba tena hata moja. Ujanja ulifanya kazi kwa asilimia mia, sasa unafanya kazi dhidi yangu.

Shemeji yangu, mume wa huyo mdogo wangu, amepita jioni kumchukua Baba akakione chumba chake kipya. Tunamwita Mtaalamu. Yeye ndiye aliyeanza kujiita. Akasema nimpe kompyuta aipeleke kwa wenzake ofisini, penye kiyoyozi, wataipata. Nikamwambia duka hili lilikuwa linawaka taa yeye akiwa bado anafungiwa kamba za viatu. Baba akakohoa. Nikarudi kwenye kompyuta.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimetafuta kwa aina. Sauti ni sauti, haiwezi kujificha kati ya barua. Nikaiagiza kompyuta ilete faili za sauti tu.

Zikaja tisa. Zote mimi! Matangazo ya duka niliyokuwa nayapigisha kwenye spika pale mlangoni. “Karibu mteja, kopi safi, haichafui mkono!” Nilikuwa na kasauti kembamba, kana kwamba nimebanwa na mlango. Mke wangu alikuwa kaunta akikata picha. Ameweka mkasi chini akacheka mpaka mteja akacheka naye. Kisha akasema kumbe ndiyo sauti iliyomfanya aingie dukani siku ile, alidhani kuna mtoto anahitaji msaada.

Sikujua hilo. Nikasikiliza tangazo mara mbili zaidi. Kwa uchunguzi.

Halafu nikakumbuka la pili. Zile herufi chache mwishoni mwa jina, baada ya nukta, zinazoiambia kompyuta hii ni sauti, hii ni barua: nilizibadilisha. Sauti zote za maana nilizivalisha nguo za barua. Nilikuwa mjanja kupita kiasi na hakuna mtu aliyenishika mkono.

Jumatano, 11 Juni

Tarehe! Tarehe haidanganyi. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Nikaomba faili zote za Agosti ya mwaka ule.

Hakuna. Wala za Septemba. Nikatazama vizuri: miaka minne ya duka langu, kila faili imeandikwa tarehe mosi Januari. Siku moja!

Ni ile betri. Ndani ya kompyuta ya zamani kulikuwa na kibetri cha ukubwa wa kifungo cha koti, ndicho kinachoishikia saa yake umeme ukikatika. Kilikufa. Fundi akataka kukibadilisha, nikamwambia saa ninayo mkononi. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, kompyuta iliamka ikidhani ni mwaka mpya.

Nimekaa na hiyo siku moja mchana kutwa. Ilikuwa siku ndefu. Nilifungua tawi la pili na kulifunga. Nilichapa kadi yangu mwenyewe ya harusi (“Orodha ya vipuri”). Nikakuta picha ya pasipoti ya mwalimu mkuu aliyekataa kutabasamu, na ya binti yake aliyekataa kuacha. Nikakuta barua ya kuomba kazi ya mtu ambaye leo ndiye anayewakatalia wengine kazi. Nikakuta hata bango la yule mwenye duka la mbele, aliponiomba nimchapie la kufunga biashara. Sasa pale wanauza rangi, watu wapole, hawaibi chochote. Adui wa maana hapatikani siku hizi.

Wateja wawili wameondoka bila kuhudumiwa. Mke wangu ameuliza kama ninatafuta au ninatembea.

Ijumaa, 13 Juni

Ukubwa! Nilipaswa kuanza hapa. Hesabu ndiyo fani yangu.

Sauti kwa jinsi nilivyorekodi inakula kama megabaiti kumi kwa dakika. Mama aliongea dakika nne, nakumbuka, nilikuwa nimesimama hapo. Nne mara kumi. Nikaweka kati ya thelathini na tano na arobaini na tano. Barua gani ya nusu ukurasa ina uzito huo?

Hakuna kitu.

Mtaalamu alikuwa ameegemea mlango na funguo za gari kidoleni. Akauliza kwa upole, ule upole wake wa kuudhi, kama nimeiruhusu kompyuta itazame na faili nilizozificha. Nikamwambia nilikuwa naelekea huko. Nikaweka tiki. Ikaja moja! Nikairudishia herufi zake za sauti, nikamwita mke wangu, nikafungulia spika.

Ngurumo. Dakika nne kamili za jenereta la jirani. Niliirekodi kama ushahidi.

Mtaalamu akasema kumbe Mama alikuwa na sauti nzito. Ninaandika hapa ili nisije nikasahau.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango mpya. Sijivunii, lakini kesho ni kesho. Mama mdogo, ndugu wa Mama wa tumbo moja, watu walikuwa wakiwachanganya kwenye simu. Nimemwita dukani, nikamketisha mbele ya kipaza sauti, nikamweleza: aongee kidogo tu, mambo ya kawaida, asitaje tarehe.

Amekisogeza kipaza sauti pembeni. Kisha akasema tangu utotoni anaambiwa ana sauti ya dada yake na haijawahi kuwa kweli. Sauti ya dada yake ilikuwa na kicheko chini yake, kama sufuria inayokaribia kuchemka, na Baba angejua kabla neno la kwanza halijaisha. Akauliza, kifo kimeshamwibia shemeji yake, nami nataka kumwibia mara ya pili? Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akaniambia kwa kuwa ameshakaa, nimpige picha ya pasipoti. Bure.

Wakati ninampiga picha, Baba akaingia. Alikuja kuaga duka. Nikaona bora niseme. Nikamwambia nimetafuta kwa jina, kwa aina, kwa tarehe, kwa ukubwa wa dakika nne, na sijaipata.

Baba akauliza dakika nne za nani.

Za Mama, nikasema.

Akacheka mpaka akashika meza. Akasema mama yenu hakuwahi kuongea dakika nne maisha yake yote. Kubisha hodi tu alikuwa anamaliza saba. Mama mdogo akasema ni kweli, na hapo ni kama mwenye nyumba yuko karibu na mlango.

Nikafuta kikomo cha juu. Nikaomba barua zote zilizofichwa, kuanzia megabaiti arobaini na tano, mwisho popote.

Moja tu. “Bei za misumari”. Megabaiti mia moja na tisini na mbili.

Jumapili, 15 Juni

Dakika kumi na tisa! Nne za mwanzo ndizo nilizozijua: Mama anauliza aseme nini, anasema hana la kusema, anasimulia nyumba nzima ya jirani. Kisha mteja anaita, nasikia viatu vyangu vikiondoka. Sikurudi. Sikuwahi kusikiliza zaidi ya hapo.

Mama hakuondoka. Alibaki akiongea na mashine. Alimweleza Baba, kana kwamba yuko pale, kwamba shati lake la kijivu lisipewe mtu, Baba alikuwa amelivaa siku waliyoonana mara ya kwanza na yeye Mama bado analitazama. Kisha akanifikia mimi. Akasema huyu mwanao anaficha kila kitu, darasa la pili alificha viatu vyake wenzake wasivivae, akaenda shule peku wiki nzima. Akificha kitu msimuulize kiko wapi, hajui. Mkaeni tu karibu naye atafute. Kisha akacheka, kile kicheko.

Baba alikuwa amefumba macho. Ilipoisha aliomba irudiwe, na hakuna aliyethubutu kukohoa, hata Mtaalamu.

Nimemwekea kwenye simu yake. Ameondoka saa tisa, simu ameibana sikioni, gari lilipokata kona alikuwa anatabasamu peke yake. Alikuwa amevaa shati la kijivu.

Jumatatu, 16 Juni

Mtaalamu ameomba nakala aihifadhi kwenye mtandao wa ofisi yao. Mama yangu! Kwenye kiyoyozi, na watu wasiomjua!

Nimechukua hatua. Majina ya uongo ni mambo ya zamani, sasa ninajua. Faili inaitwa “Mama”, tarehe sahihi, aina sahihi, haijafichwa. Nimeifunga kwa neno la siri tu. Ni jina alilokuwa akiniita yeye peke yake, hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Sijaliandika popote. Jina kama hilo mtu halisahau.

Jioni, duka limetulia, nikatamani kumsikia kidogo. Baba anayo, ningeweza kumpigia aniwekee kwenye simu. Lakini huko simu ya Baba anaipokea Mtaalamu.

Jina ninalo, hilo halina shida. Shida ni ndogo: kama herufi ya kwanza niliiandika kubwa au ndogo. Kwa hesabu, majibu yako mawili tu.

Nimeshajaribu matano.