Kuhusu Kuhesabiwa Kwangu Katika Msafara Mwepesi

Jumanne, tarehe 11 Februari.
Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu niage nyumbani.

Kwako Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Baiskeli,

Salamu nyingi, na poleni na baridi. Mimi ni kibarua katika jengo la ghorofa sita linalojengwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea maneno, chukua maana.

Nakuandikia kuhusu msafara wenu mwepesi wa Jumapili, tarehe 2, ule wa kuendesha baiskeli polepole kwa kujiburudisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilihesabiwa bila ridhaa yangu. Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilikuwa kwenye baiskeli nikienda kazini, kofia ngumu kichwani, kizibao cha njano kinachong'aa, skafu hadi puani. Nikasimama kwenye taa za barabarani. Wanachama wako nao wakasimama, wana kofia, vizibao vya njano na skafu hadi puani. Kiongozi wa msafara akahesabu vichwa, akapata kumi na wanne, akaridhika. Baadaye niliambiwa kwamba mwenzenu mmoja alibaki kitandani. Mimi sikuomba kuziba pengo la mtu aliyelala. Hata beleshi nililofunga kwenye keria halikuwashtua. Mmoja alilitazama akasema, "Huyu kaka amejiandaa!"

2. Sheria yenu ya kutomwacha mtu nyuma. Baiskeli yangu ni nzito kama mbuzi wawili, na ina pedeli moja na nusu. Nilipunguza mwendo ili wapite, nao wakapunguza. Nikasimama kurudisha mnyororo, nao wakasimama, wakanizunguka kimya kama wafiwa. Nikawaambia, "Jamani, mimi nakwenda kazini." Mama mmoja, ambaye ni mhasibu, akanipigapiga mgongoni: "Sote tuna kazi, kaka. Leo sahau kazi." Nikakata kona yangu, nao wakakata. Tangu nizaliwe sijawahi kuongoza watu, na siku niliyoongoza sikuwa na habari.

3. Mambo ya getini. Siku hiyo vibarua wanne hawakufika kwa sababu ya baridi. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Saa, akaona nimeingia na watu kumi na watatu wenye kofia na vizibao. Hakumuuliza mtu jina. "Umechelewa, lakini umeleta watu," akaniambia, akaanza kuwagawia mabeleshi. Nilitegemea wakatae. Mtu aliyesoma anajua kukataa. Mimi nilidhani ndiyo faida ya shule. Wao wakacheka, wakasema afadhali, watapata joto.

4. Walifurahi. Hili ndilo linaloniuma kuliko baridi. Mmoja wao, daktari wa meno, alibeba tofali mojamoja, kama mtoto mchanga, huku akitazama saa inayompimia mapigo ya moyo. Mhasibu alipigwa picha na toroli, akaomba irudiwe kwa sababu ya kwanza toroli halikuonekana vizuri. Ilipofika saa nne wakaenda kunywa kahawa. Wakati wa kuagana daktari akanishika mkono akasema kazi hii ni nzuri sana, inamwondolea mtu mawazo. Ni kweli, Ndugu Mwenyekiti. Mimi imeniondolea mawazo miaka mitatu mfululizo, hadi nimebakiwa na moja tu.

5. Hilo moja ni binti yangu. Anaolewa tarehe 12 Aprili, na ameniandikia kwamba hatatoka ndani kama si mimi niliyemshika mkono. Hapa kazini kwetu, kila Jumapili ya kazi inahesabiwa siku moja ya likizo ya nyumbani. Ninahitaji siku kumi na nane; nimeshapata kumi na moja, na Jumapili zilizobaki zilikuwa zinatosha. Lakini wanachama wako walirudi juzi, tarehe 9, safari hii wakiwa kumi na tisa. Bwana Saa akafuta majina yetu kwenye ubao wa kazi ya Jumapili. "Kwa nini niwahesabie nyinyi siku," akasema, "na hawa wanakuja wenyewe, tena wanashukuru?" Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni kaja, na mwenyeji kafutwa kwa kitambaa kibichi.

Kwa hiyo naomba wanachama wako wakatazwe kabisa kugusa tofali. Mwenye kusikia baridi avae sweta la pili.

Kama hilo haliwezekani, basi haki iwe pande zote. Sasa Jumapili zangu ziko wazi. Nami nipewe kazi ya mwanachama mmoja, niifanye kwa kujiburudisha. Nimechagua ya daktari wa meno. Koleo la misumari ninalo, na mkono wenye nguvu ninao. Nitang'oa kwa mwendo mwepesi, na sitaacha jino nyuma. Mgonjwa akipiga kelele, nitampigapiga mgongoni. Wenzangu nao watakuja na simu za kupigia picha, na ikifika saa nne tutaondoka kwenda kunywa kahawa, hata kama kinywa cha mtu bado kiko wazi.

Nisalimie kiongozi wa msafara, na afundishwe kuhesabu nyuso badala ya kofia. Msalimie mhasibu, daktari, na wote kumi na tisa. Zaidi ya wote nisalimie aliyebaki kitandani. Kwake sina neno.

Wako katika uchovu,
Mtu wa Kumi na Nne

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Bwana Saa ameniita. Anasema kwa Jumapili mbili hizi kazi imekwenda mbele kuliko alivyopanga. Watu wako wakiendelea hivyo, atanipa siku zote kumi na nane, bila kungoja zilizopungua. Wakikosa hata Jumapili moja, hakuna safari. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, yote ya hapo juu nayafuta, na la meno pia. Tafadhali waje wote, na jamaa zao. Mhasibu apewe toroli jipya. Naondoka tarehe 4 Aprili na kurudi kazini tarehe 22, saa moja asubuhi. Hadi siku hiyo, wasimwache mtu nyuma. Kuanzia siku hiyo, naomba wawe wameichoka kazi hii.