Kiti cha Mlangoni pa Choo

Jumatatu, 2 Machi
Nimepiga chafya tatu kiwandani nikishona kola. Ya tatu imeniponza. Sketi imelowa. Haraka nikajimwagia chai iliyopoa ili ionekane ni chai. Msimamizi akasema nina mikono ya mtoto. Bora aamini hivyo. Tangu nizae mapacha, kibofu changu kinajiamulia mambo. Lakini dawa nimeipata: mashine iliyo mlangoni pa choo. Panatoa harufu, hakuna anayepataka. Kesho nahamia.

Jumanne, 3 Machi
Bi Tashtiti, anayekaa pale, kagoma kuhama! Nilimwambia namwonea huruma kwa harufu ile. Akajibu pua yake imeshazoea, asante shoga. Nikamwahidi mkasi wangu mpya. Hataki. Ananikomoa tu, hana jingine. Mpango wa pili: sinywi maji.

Ijumaa, 6 Machi
Siku ya tatu bila maji. Kichwa kinagonga, chooni naenda vilevile, tena kunachoma. Nimeaga naenda kung'oa jino, nikakimbilia zahanati. Kwenye benchi nikamkuta nani? Bi Tashtiti, aliyeaga anaenda msibani. Kumbe na yeye! Niliona aibu, kisha tukacheka hadi sote wawili tukabana miguu. Muuguzi akasema wanawake wengi wana shida hii na inatibika. Maji tunywe. Tukaze misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, tuhesabu hadi tano, tuachie. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kwa miezi mitatu. Mitatu!

Jumatatu, 9 Machi
Nimeamua kuimaliza miezi mitatu leo. Nimekaza tangu saa mbili asubuhi, mara mia tatu na kumi na mbili. Msimamizi akauliza mbona nimetoa macho. Kufikia saa tisa nyonga zinauma, na suruali moja ya shule nimeishona mguu mbele, mguu nyuma. Basi, mazoezi hayanifai.

Jumatano, 27 Mei
Bi Tashtiti kaniachia kiti mwenyewe. Hakihitaji tena. Kumbe siku zote alikuwa anakaza, kumi kumi, huku mashine ikinguruma. Jumapili karuka kamba na binti yake, akabaki mkavu. Sasa kahamia dirishani. Maskini, kapoteza kiti kizuri namna ile. Nimeshinda! Nimesherehekea kwa chai vikombe vitatu.

Jumatatu, 1 Juni
Fundi bomba kaja. Harufu imewachosha watu, choo kinahamishwa. Kinakwenda upande wa dirishani, nyuma kabisa ya Bi Tashtiti. Nilitaka kulia. Yeye akanishika bega, akasema tuanze mazoezi pamoja leo leo, dakika tano tu. Nimemshukuru sana, nikamwambia nitalifikiria. Kisha nikamwuliza, kwa huruma kabisa, kama jua la pale dirishani halimsumbui.