Herufi Nene kwa Maman Thacienne

Jumatatu, 5 Agosti 2002
Kubeba simenti kunaniua mugongo, lakini mufuko yake iko na herufi! Nene. Nyeusi. Haina mikia. O ni duara kama sahani, I ni mbao imesimama. Mulume, muchoraji wa vibao toka Bukavu, herufi zake ziko na mikia kama mijusi. Anajiita artiste. Artiste gani!

Maman Thacienne, mujane wa restora ya barabara ya Ruhwa, amesema mbele ya bantu: mwenye kunijazia meza, nitaanza kumufikiria. Mulume akatengeneza kola. Mi nikaangalia ukuta. Tangu bibi yangu, marehemu Gaudiose, anikufie, nakula muhogo baridi.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeandika ku ukuta ya restora! CHAKULA KWA THACIENNE. Nyeusi ku nyeupe. Mbao kwa kunyoosha. C nimezungusha na sahani ya Thacienne, nikaacha mulango upande moja. Akauliza sahani yake iko wapi. Iko kazini, nikajibu. Akauliza kama herufi haziwezi kucheka kidogo. Nikasema kazi yao ni kuonekana. Mulume akasema inafanana sanduku ya maiti. Wivu!

Jumatano, 7 Agosti
Meza tupu. Bamama ba kuuzisha ndagala, dagaa kavu, toka Ruhwa bameona ukuta pale kwa kona, bakaingia mu migomba na vikapu vyao! Nimemukimbilia moja wao, Maman Eugénie. Utomvu mpaka ku nywele. Nikamuambia pale ni chakula, soma. Akasema kusoma nini, herufi nene vile iko ku duane, kwa bantu ba ushuru, na ku barrière ya basoda, na tangu vita, ukiiona, kuna muntu anataka karatasi zako. Kisha akaniita mupumbavu. Mama muzima!

Alhamisi, 8 Agosti
Mukiriya moja, muteja! Shofere wa kamyo. Ametoa kofia, amemupa Thacienne karatasi zake na mikono mbili, ameuliza na heshima wanapiga muhuri wapi. Thacienne akamuambia akae, ale. Akaomba ruhusa ya kuondoka.

Thacienne akanigeukia: “Papa Sibomana, umenijengea barrière ku jikoni.”

Ijumaa, 9 Agosti
Mulume amefuta yote. Ameweka mijusi yake, na samaki yenye meno inacheka. Samaki gani inacheka ikienda ku mafuta? Muchana meza zikajaa. Maman Eugénie ameongeza bugali. Mulume amekaa karibu na chungu, anakula mu sahani. Sahani YANGU! Rangi nyeusi ya ile C ingali ku mudomo ya sahani.

Jumapili, 11 Agosti
Ku misa, Thacienne na Mulume benchi moja. Thacienne amemushikia kitabu ya nyimbo.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: herufi zilikuwa ndogo.

Mbele ya mulango ya Thacienne, ng'ambo ya barabara, kuna ukuta ndefu. Kesho namuandikia pale NITAKUOA. Kila herufi urefu yangu. Kwa ile O, nimeazima gurudumu ya kamyo.

Hakuna muntu atapita pale bila kuiona.