Jogoo Aliyehasiwa na Bado Anawika

Mtaa wa Watengeneza Ngozi,
Ufalme wa Hanover,
Februari 1849

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima zote unazostahili, mimi Ilsabe Tönnies, mke wa fundi viatu Gerhard, naomba Chuo chako kimrudishe jogoo mmoja kwenye utii.

Mwaka jana jirani yetu Daktari Harbeke, mwalimu wenu, aliniomba nimfugie majogoo watatu uani. "Mama Tönnies," alisema, "wote nimewahasi. Hutasikia hata kikohozi."

Wawili kweli walitulia, wakanenepa, vilemba vyao vya nyama kichwani vikafifia. Huyu wa tatu, kumbe, Daktari alimtoa korodani zote, uniwie radhi, kisha akamrudishia moja tumboni, katikati ya utumbo, akamshona. Mimi nikitoa jiwe kwenye dengu silirudishi chunguni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anawika. Kengele ya kanisa inamkuta ameshaamsha mtaa. Kilemba chake ni chekundu kama pua ya muuza bia.

2. Anawapanda mitetea wangu wote, na wa jirani. Jumapili alimtwanga jogoo wa mchungaji mbele ya waumini, na waumini wakashangilia.

3. Nilimwuliza Daktari, "Si ulisema umemhasi?" Akajibu macho yakimng'aa, "Ndiyo, mama! Pale hakuna mshipa wa fahamu uliounganishwa! Kuna kitu kinatoka mle, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima!" Lakini profesa wenu mwingine, aliyeleta viatu kushonwa, alituhakikishia kwamba nguvu za kiume huletwa na mishipa ya fahamu, na vitabu vyenu vinasema hivyo. Kwa hiyo jogoo huyu anavunja sheria za Chuo mchana kweupe.

4. Hili ndilo zito. Mume wangu, aliyepita miaka sabini, alisikia mazungumzo hayo. Akapandisha shati, akamwuliza, "Daktari, humu mwangu hakuna kanafasi?" Tangu hapo ananitazama kwa namna niliyodhani tumeshamalizana nayo. Nikamwambia, "Mzee, kaa umalizie hicho kisigino." Amekaa, ila anaimba.

Basi chagueni: ama jogoo aamriwe kuacha kazi ambayo kwa mujibu wa vitabu hana uwezo nayo, ama vitabu vifutwe.

Nisalimie walimu wote, na mama wa nyumbani kwako.

Mtiifu wako,
Ilsabe Tönnies

Nyongeza: Nimeshasaini, Daktari kaingia na kisu. Anataka kumpasua jogoo aone kama korodani ile imeota mishipa ya damu tu, bila ya fahamu. Nimeziba mlango. "Mitetea wawili wanaatamia mayai yake," nimemwambia, "tafuta mwingine." Akasema, "Mama, nisipompasua, nani ataniamini?"

Mimi namwamini, Mheshimiwa. Kila nililolalamikia hapo juu ni kweli tupu, na naomba sasa lisomwe kuwa ushahidi wa Daktari, ili kisu kisihitajike. Amekubali kungoja jibu lako. Gerhard naye ananiunga mkono, kwa sauti kubwa kuliko nilivyopenda.