Chuo cha Kilimo Kimetuharibia Manju

Kijiji cha Mwagembya,
kwa mkono wa Misheni,
Shinyanga.
Agosti, 1953.

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo cha Kilimo.

Bwana Mkuu Mheshimiwa,

YAHUSU: KUHARIBIWA KWA GREGORY MASELE, MWANAFUNZI WENU WA MWAKA WA PILI

Shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote, na ukiona mwandiko unatetemeka mahali, ni kwa sababu ya ubao ninaoandikia, si kwa hasira. Hasira ilikwisha mwezi wa Julai. Yaliyobaki ni malalamiko.

Mimi ni Pantaleo Sikujua, mwandishi wa chama cha ngoma cha Bagalu hapa Mwagembya. Kwa kuwa pengine hukukulia huku, yafaa nieleze kwanza desturi yetu. Mavuno yakiisha, Bagalu na Bagika hushindana. Vyama viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji husimama wanakotaka na huhama wanapotaka. Jua likishuka, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna hakimu, kwa hiyo hakuna rufaa. Anayewavuta watu ni manju, yaani yule anayetunga nyimbo na kuziongoza, na manju wetu ni huyo Gregory Masele mnayemfundisha habari za samadi. Gregory akianza wimbo, mwanamke anayesonga ugali ng'ambo ya mto huacha mwiko ndani ya chungu.

Alipotuambia amekubaliwa kusomea cheti cha kilimo kwa miaka miwili, tulicheka. Sisi tunalima tangu tulipoacha kutambaa. Tuliona ni kama mtu kwenda kusomea kula. Nilimsindikiza mwenyewe hadi barabarani, sanduku lake nimelibeba kichwani. Nikamwuliza kama atarudi kutuimbia. Akanijibu, "Nitarudi kulima, Pantaleo. Wimbo utanifuata nyuma kama siku zote." Neno hilo nililipokea kama ahadi. Sasa naona lilikuwa onyo.

Malalamiko yetu ni haya.

La kwanza. Chuo chenu hakifungwi msimu wa ngoma. Vijana wetu walioko Mwadui kwenye almasi huomba ruhusa na kuja, na walioko Geita kwenye dhahabu huja hata wakiwa na homa. Gregory peke yake, aliyekwenda kusoma jembe, hakuja. Ilibidi chama kitafute manju wa muda, na kikanichagua mimi kwa kuwa nyimbo zote nazijua. Kuzijua nyimbo, Bwana Mkuu, ni jambo moja, na sauti ni jambo jingine, na mimi Mwenyezi Mungu alinijalia lile la kwanza. Mwaka jana, jua halijafika utosini, watu walikwishaanza kuhamia kwa Bagika, ambao manju wao ni mtu mmoja aitwaye Mabula, mwenye kifua kama pipa. Wa kwanza kuhama alikuwa mama yangu mzazi. Jioni nilipomwuliza, alisema, "Mwanangu, nilikwenda kukusikiliza kutoka mbali. Kule ulikuwa unasikika vizuri zaidi."

La pili. Gregory alipokuja likizo ya Krismasi, tulimpeleka kwa Mzee Bujiku, mganga wa chama chetu, ili apakwe dawa ya kuvuta watu kabla ya kucheza arusini. Zamani Gregory alikuwa akipakwa dawa hiyo kimya na kwa adabu. Safari hii alimwamkia mzee vizuri, akaketi, kisha akamwomba radhi, akasema kwamba chuoni hawatumii mbolea shambani mote kwa mara moja. Hutia nusu ya shamba, wakaiacha nusu nyingine vivi hivi, ili waone tofauti. Akapendekeza wachezaji nao wapakwe nusu. Mzee Bujiku anaiamini dawa yake, kwa hiyo alikubali, tena kwa majivuno. Sasa, katika ile nusu isiyopakwa kulikuwa na wasichana wote wenye shanga mpya, na watu wote wa arusi wakasongamana upande ule. Gregory alijaribu kueleza kwamba jaribio moja halitoshi, lapaswa kurudiwa mwaka mwingine. Mzee Bujiku hakungoja mwaka mwingine. Alichukua kibuyu chake akahamia kwa Bagika, na huko anapaka watu wote, hata mbwa.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, maana linahusu ngoma ya majembe. Tangu mababu, vijana wa Mwagembya hulima kwa mstari mmoja, ngoma ikipigwa mbele yao, na majembe yote hupanda na kushuka pamoja. Ukitutazama kutoka kilimani hujui kama tunalima au tunacheza, nasi pia hatujui. Likizo ile ile Gregory alisimama pembeni ya shamba la mama yake, akatazama, akamwashiria mpiga ngoma apunguze. Alisema kwa mwendo ule jembe linakwangua tu. Akataka tuta liende kukingama mteremko, na kati ya tuta na tuta kuwe na vituta vidogo vya kuzuia maji. Basi ngoma ikapigwa polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Bagika walipita njiani wakatuuliza tunamzika nani.

Hilo tungelistahimili. Lakini mvua kubwa zilipokuja, maji ya mashamba ya Bagika yaliteremka hadi mtoni, yakachukua na udongo, na yetu yakabaki kati ya matuta kama wageni walioalikwa. Matokeo yake nayaeleza katika lalamiko linalofuata.

La nne. Tumepata pamba nyingi kupita kiasi. Zamani mwezi wa Julai tulikuwa tumekwisha kuchuma, kuuza na kunyoa nywele. Mwaka huu siku ya mashindano ilitukuta bado mashambani. Wachezaji walifika uwanjani wamechelewa, migongo inawauma, pamba imewanasa kichwani, na wapenzi wa chama hawakuweza kuja kututazama kwa sababu nao walikuwa wanachuma. Bagika hawakuwa na pamba ya kuwachelewesha. Walikuja asubuhi na mapema wakiwa wamejipaka mafuta. Nakuomba uamue mwenyewe, Bwana Mkuu, kama huo ni ushindani wa haki.

La tano ni la chatu. Chama chetu kina chatu wa kuchezea, ambaye jina lake silitaji hapa kwa kuwa tulimpa la mtu wa serikali. Alikuwa nyoka mchangamfu. Manju akimvaa shingoni, aliinua kichwa na kuwatazama watu mmoja mmoja, na watoto walilia kwa furaha. Gregory alipoona tunamlisha kuku, alitushauri tumweke karibu na vihenge vya mtama ili ale panya wanaotumalizia nafaka. Ushauri ulikuwa mzuri, na hapo ndipo penye kosa. Panya wamekwisha. Mtama haujapungua. Na chatu amenenepa hata watu wawili hawambebi wakafika mbali bila kupumzika. Siku ya mashindano nilimvaa shingoni mbele ya umati, uzito ukanikalisha chini, naye akalala usingizi pale pale mabegani mwangu. Mabula hakuhitaji hata kufikiri. Aliimba, "Bagalu wamechoka, wameleta na godoro," na watu wote wakaenda kwake wakicheka, pamoja na mmoja wa wale walionisaidia kumbeba.

Basi ndivyo tulivyoshindwa mara mbili mfululizo, jambo ambalo halijapata kutokea tangu chama kiundwe.

Nisije nikaonekana mchongezi, nasema wazi kwamba Gregory mwenyewe hajawa mtu wa majivuno. Bado huvua viatu akiingia kwa mama yake, na ndiye wa kwanza kuwaamkia wazee. Ndiyo maana nasema ameharibiwa, wala sisemi kuwa ameharibika. Nyumba yao na yetu zimepakana. Nilizoea kila asubuhi kusikia sauti yake akienda kuwafungulia ng'ombe. Siku hizi nasikia ng'ombe tu. Mtu akiondoka kwenda kuchimba dhahabu, unajua kwamba akiipata au akiikosa atarudi vile vile. Huyu kila akirudi anakuja na jambo jipya, na jambo lenyewe ni la kweli, na sisi hatujui tumkasirikie wapi.

Kwa hayo yote chama kinaomba yafuatayo.

Kwanza, Gregory arudishwe sasa hivi, kabla ya mtihani wa mwisho. Akipata cheti, serikali itampeleka kuwa bwana shamba huko Masumbwe au mbali zaidi, na watu wa huko watapata matuta na wimbo kwa pamoja, hali sisi ndio tuliomlea.

Pili, ikiwa hilo haliwezekani, chuo kihamishiwe Mwagembya. Nafasi ipo, na maji ya kisima ni mazuri.

Tatu, ikiwa na hilo ni gumu, basi kwa ajili ya usawa, mchukueni na Mabula wa Bagika. Mfundisheni miaka miwili kamili, na kama sheria inaruhusu mitatu, hatutapinga. Mfundisheni matuta, samadi na majaribio ya nusu kwa nusu, msimwachie hata likizo ya Julai, mpaka naye aharibike kiasi kile kile. Hapo tutakuwa tumelingana, na mimi nitaweza kushindana na mtu mwingine asiyejua kuimba.

Natumaini utayapima maneno haya kama mnavyopima mbegu. Nisalimie walimu wote wa hapo chuoni, wapishi, mlinzi wa ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wenyewe, ambao Gregory ametusimulia habari zao kwa majina. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, anakusalimu. Mama yangu anakusalimu, na anauliza kama kuna mbegu ya karanga. Mpe Gregory salamu za pekee, lakini usimwambie kwamba zimetoka katika barua hii.

Wabeja sana, ndiyo asante yetu ya huku. Ndimi mnyenyekevu wako katika huzuni ya haki,

Pantaleo Sikujua,
Mwandishi, na Manju wa Muda.

Nyongeza. Kabla sijaipeleka barua hii misheni, Gregory aliteremka kutoka kwenye lori la pamba siku ya Jumamosi, akasema mmewapa mapumziko mafupi. Nikaona si uungwana kumsema mtu nyuma ya mgongo. Nilimsomea barua nzima, nimesimama, yeye amechuchumaa. Nilitazamia aone haya. Alipoisikia mpaka mwisho aliuliza tu ni shamba la nani lililobaki na pamba nyingi kuliko yote. Nikamwambia ni la mama yake.

Akatuma mtu kwa Mabula. Alimwambia yafanyike mashindano ya mwisho ya mwaka, Jumapili baada ya ibada, ndani ya shamba lile. Shamba ligawanywe katikati, Bagika wachukue nusu na Bagalu nusu, kila upande na ngoma yake na manju wake, na watakaomaliza kuchuma kwanza ndio washindi. Watazamaji wangeruhusiwa kusaidia upande wowote unaowapendeza. Mabula alifika na watu wake wote, kwa kuwa Bagika hawakatai shindano, tena kwao hawakuwa na kazi.

Gregory aliimba. Sitaeleza alivyoimba. Mikono yangu ilikuwa inachuma, na machozi ya watu wengine sikuyaona kwa sababu ya yangu mwenyewe. Watu walivuka mto wakaja, wakasimama kidogo, kisha kila mmoja akainama na kuanza kuchuma. Mabula naye, haki yake nampa, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wakawa wanajibizana kutoka kichwa kimoja cha shamba hadi kingine mpaka ng'ombe wakasimama malishoni.

Tulishindwa, Bwana Mkuu. Bagika walimaliza kabla yetu, wakaruka na kushangilia mpaka vumbi likatufunika. Lakini pamba yote, ya upande wao na ya upande wetu, ilikuwa yetu.

Kwa sababu hiyo nayafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la tano. Gregory abaki huko mpaka apate cheti chake, na chuo kibaki kilipo. Ila ombi la tatu nalifuta kwa haraka zaidi kuliko mengine. Watu walipokuwa wanakunywa maji, Mabula aliinama akaligusa tuta, akalizunguka, akamwuliza Gregory, "Chuo chenyewe kiko wapi?" Na Gregory, ambaye hana moyo wa uadui, akamweleza mpaka lori la kupanda.

Tafadhali Mabula asipokewe. Ana akili sana. Ikiwa mwezi wa Januari itabaki nafasi moja tu, mimi nimemaliza darasa la nane hapa misheni, sina ugonjwa, na kama ulivyokwisha kusoma, sina kazi nyingine ninayoiweza. Naomba barua hii ihesabiwe kuwa ndiyo maombi yangu. Mwandiko unauona mwenyewe.

P. S.