Msiba wa Mgomba Makoko

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeamka nikakuta tangazo limebandikwa getini. Nyumba yangu! Itapigwa mnada Jumanne tarehe 17, saa nne asubuhi, hapa hapa Makoko. Jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa: PASTORY MUGETA. Hawakuandika kwamba ni mwalimu mkuu mstaafu. Utovu wa adabu.

Nimelibandua kwa kisu. Limetoka nusu. Lililobaki ni neno MNADA.

Niandike chanzo, maana mwanadamu husahau. Mwaka juzi niliiweka nyumba dhamana benki, nikanunua kizimba cha kufugia sato ziwani. Mahesabu yalikuwa safi. Dhoruba ikapasua wavu. Sato elfu mbili walihitimu siku moja! Tangu hapo sijapeleka rejesho. Benki imeniandikia barua tatu. Zote zimo katika kopo la biskuti, chini ya kitanda, hazijafunguliwa. Barua isiyofunguliwa haijafika. Huo ndio msimamo wangu.

Saa nne simu imelia. Petronila wa benki. Nilimfundisha darasa la tano, alikuwa mwangalifu mno wa madaftari. Hupiga kila Jumatatu saa nne. Katika simu nimemhifadhi kwa jina la "Usipokee". Sikupokea. Niliitazama tu mpaka ikanyamaza.

Haikulia tena kutwa nzima. Hakuna mwingine anayenipigia.

Jumanne, 3 Juni

Tangazo limerudi! Gundi ya leo ni kali zaidi. Nimelifunika kwa kalenda ya jimbo, upande wenye picha ya askofu.

Masanja, jirani yangu muuza dagaa, ameifunua kalenda na kulisoma tangazo kwa sauti mbele ya wanawake waliokuwa wakitoka ziwani. Kisha amenipa shikamoo, eti kwa heshima, na kuniambia, "Mwalimu, benki hawang'atagi. Si uende tu ukaongee nao?" Nimemjibu kwamba sikuomba ushauri. Namfahamu. Mara mbili nimemwona akitembea kando ya ua wangu huku akihesabu hatua. Anaitamani nyumba hii. Anataka kuijaza dagaa.

Jioni, nikiwa nakula peke yangu, wazo limenijia. Bado napika dagaa wa watu wawili, ingawa mke wangu Esta ametangulia mwaka wa tano sasa. Nilikuwa natazama kiti chake. Nikajiuliza, katika mkoa huu wa Mara ni nani atanunua nyumba yenye kaburi uani? Nani atakubali kuanika nguo zake juu ya mfu wa watu wengine?

Hakuna! Kaburi litajengwa. Karibu na geti. Jeupe, lionekane kutoka barabarani.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwita Jastin, fundi wa makaburi. Nimemtaka awe msiri. Ameniuliza nani amefariki. Nimemwambia hakuna. Ameuliza tena. Nimemwambia alete simenti.

Jina limekuwa tatizo. Kuandika jina la mtu aliye hai ni kumwita. Na marehemu wangu wote tayari wana makaburi yao. Tumekubaliana iandikwe "Mpendwa Wetu". Jastin amesema hajawahi kupata kazi rahisi hivi, hakuna ndugu wa kugombana.

Nimempa baiskeli yangu iwe malipo ya kwanza. Nimemsisitizia kwamba ni jengo la juu tu. Kesho nakwenda Bunda.

Alhamisi, 5 Juni

Bunda, kwa binti yangu Gati. Nilikusudia kumweleza yote. Sikumweleza.

Nimewekewa kiti barazani. Mkwe wangu Ngusa, kwa heshima, amepita nyuma ya jiko na kukohoa. Nami nimekohoa. Ndivyo tunavyosalimiana kwa mwaka wa tisa sasa. Bado ana ng'ombe wanne wa mahari hajaleta. Siku ya harusi nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza kwamba mimi sidai, binti yangu si bidhaa. Walipiga makofi sana. Najuta.

Gati ameniuliza mbona nimekonda. Nimesema ni shati, limekatwa vibaya. Amenionyesha chumba kipya walichojenga, chenye kitanda na neti. Chumba kizuri. Lakini mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, ni mwiko tangu enzi za babu zetu. Kwetu Butiama kiwanja changu sijakijenga. Kina kaburi la Esta tu. Kwa hiyo nyumba ya Makoko ikienda, sina pa kulaza kichwa. Nimeyawaza hayo huku nikisifia sato. Nimekula, nimeaga, nimepewa jogoo.

Nimefika nyumbani jioni. Jastin amechimba shimo! Refu kunipita mimi! Nimemfokea. Amesema kaburi lisilo na shimo litapasuka, na yeye hafanyi kazi za ovyo. Kisha akasema mgongo unamuuma, ataendelea Jumamosi. Akapanda baiskeli yangu akaondoka.

Ijumaa, 6 Juni

Masanja ameliona shimo asubuhi akiwa juu ya ukuta wake. Ametoa ukelele uliofika Buhare.

Haikupita saa moja, wanawake wa jumuiya wameingia na turubai, masufuria na kuni. Mbele yao Flora, mwenyekiti wao, ambaye hasubiri kukaribishwa mahali popote. Ameuliza nani ametutoka. Nimesema hakuna aliyefariki. Wametazamana. Flora ameketi mkekani taratibu, akasema, "Basi ni wewe, Mwalimu. Unatuagaga kimyakimya." Wote wakaanza kulia.

Nimeeleza kwamba mimi ni mzima. Wakalia zaidi.

Ndipo alipokuja mzee Burito, anayeheshimika kwa mambo ya mila. Amezunguka shimo, ametikisa kichwa. Amesema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, litadai mtu. Lazima uzikwe mgomba badala yake, na mgomba huo ukaliwe matanga kama mtu. Nimemjibu kwamba mimi ni msomi na siamini hayo. Ameniuliza kwa upole kama niko tayari kulala jirani na shimo hilo hadi mwisho wa mwezi.

Nimetoa ruhusa ya kukata mgomba.

Jumamosi, 7 Juni

Tumeuzika mgomba. Umevikwa shuka nyeupe. Masanja na Jastin wamebishana kwa muda mrefu upande upi ni kichwa. Burito ameamua ni upande wa majani.

Flora ametoa neno. Amesema marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kugombana na jirani, wala hakufunika matangazo kwa picha ya askofu. Watu wameangua kicheko juu ya kaburi! Nilitaka kukemea.

Badala yake nimelia. Sijui kwa nini. Nadhani ni moshi wa kuni.

Jumapili, 8 Juni

Nyumba imejaa. Vikombe havikutosha. Nimetoa vile vya Esta kabatini na kuvipangusa vumbi. Mtu ameketi katika kiti chake, nikataka kumwinua, kisha nikaacha. Masanja amelala sebuleni na anakoroma kama injini ya mtumbwi. Wanawake wanaimba jikoni. Mtu amenitilia chai bila kuniuliza, na sukari ilikuwa kamili.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba ninapenda.

Balaa limekuja saa saba. Flora, akifagia chumbani, ameliona kopo chini ya kitanda. Amelileta sebuleni kwa furaha, akitangaza kwamba Mwalimu alikuwa akiwaficha biskuti. Amelifungua mbele ya watu ishirini. Barua tatu!

Wakati huohuo kilio kimesikika barabarani. Ni Gati. Kule Bunda ameambiwa baba yake amejichimbia kaburi. Amekuja mbio, kanga imemlegea, na alipofika getini kilio kikakatika ghafla. Ameifunua kalenda. Amelisoma tangazo mpaka mwisho. Kisha ameingia, akachukua zile barua mkononi mwa Flora, akasema, "Shikamoo, baba."

Amezifunga katika pindo la kanga, akaenda kuosha vikombe. Ningependelea alie.

Jumatatu, 9 Juni

Saa nne simu imelia. Gati ametazama kioo, akasoma "Usipokee", akanitazama mimi, akapokea.

Saa sita tulikuwa benki. Petronila amesimama aliponiona na kunipa shikamoo mbele ya wateja wote. Angalau huyo nilimfunza vyema. Ameeleza polepole, kama anayefundisha darasa la tano. Mpaka nyundo ya dalali igonge, mwenye nyumba anaweza kulipa malimbikizo na mnada ukasimama. Anaweza kuomba muda wa kulipa urefushwe ili rejesho lipungue. Akishindwa kabisa, anaweza kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei nzuri kuliko ya mnadani. Lakini lazima aje aseme. Benki, amesema, haiwezi kuongea na mtu asiyepokea simu.

Gati amezifungua barua palepale. Ya kwanza, ya mwaka jana, ilinipa nafasi ya kuomba kupumzika marejesho kwa miezi sita kwa sababu ya dhoruba. Miezi sita! Zote tatu zinaishia vilevile: fika ofisini tuzungumze.

Gati amesema hakuna hata moja iliyoniagiza kuchimba.

Uamuzi: malimbikizo yalipwe kabla ya tarehe 17, mkopo utandazwe kwa miaka zaidi, na vyumba viwili vya nyuma vipangishwe. Nimesaini. Kalamu yao haikuwa nzuri.

Ijumaa, 13 Juni

Gati amenipigia simu. Ngusa amepeleka ng'ombe wanne mnadani Bunda, wale wale wa mahari. Ng'ombe wamepigwa mnada ili nyumba isipigwe. Nimemwambia kwamba mimi sikudai. Amesema, "Tunajua, baba. Ulitangaza."

Alasiri Ngusa amefika mwenyewe. Hakuvuka geti, mila ni mila. Amesimama nje na kukohoa. Nami nimekohoa, mara mbili, jambo ambalo sijapata kulifanya. Amempa Masanja bahasha, Masanja akanipa mimi.

Na Masanja ndiye amechukua vile vyumba viwili. Amekiri kwamba alipokuwa akihesabu hatua alikuwa akipima kama magunia yake ya dagaa yataenea. Nilijua! Niliandika! Amelipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Jumanne, 17 Juni

Saa nne imefika. Nimesimama getini nikiwa nimevaa koti. Hakuna nyundo, malimbikizo yameshalipwa. Petronila ametuma mtu kuja kulikwangua tangazo na gundi yake yote. Amefanya kazi safi. Neno MNADA halionekani tena.

Matanga yalipaswa kuwa siku tatu. Yalikuwa yamefika siku kumi na moja, maana kila alipotaka kuondoka mtu nilimkumbusha kwamba marehemu alikuwa mgomba mkubwa. Leo Flora amesema inatosha. Turubai limekunjwa. Masufuria yamehesabiwa, moja ni langu, wameliacha. Gati, aliyerudi jana kushuhudia siku ya mnada, amepika dagaa wa mtu mmoja ili nione kipimo chake. Ameandika ukutani kwa chaki kwamba rejesho la kwanza ni tarehe 30. Katika simu yangu amefuta "Usipokee" na kuandika "Petronila". Kisha amepanda gari la mchana.

Nyumba ni yangu. Nimetembea chumba kwa chumba kuihakikisha. Vyote vipo.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka mapema, nimenyoa. Saa tatu na nusu nimeiweka simu mezani. Chaji imejaa.

Saa nne. Kimya.

Saa nne na robo nimeizima na kuiwasha. Saa nne na nusu nimemwomba Masanja anipigie kutoka kwenye magunia yake, kujaribu. Imelia vizuri kabisa. Amesema, "Haloo, Mwalimu, nakusikia hata bila simu." Nimekata.

Nimekwenda kwenye kaburi la mgomba, nikang'oa magugu mawili. Jastin amelijenga vizuri, lazima nikubali. Mpita njia mmoja amevua kofia na kunipa pole. Nimeipokea.

Mchana imekuja barua ya benki. Bila shaka ni ratiba mpya ya marejesho, au pengine jambo jingine. Sikuona haja ya kuifungua. Nimeitia katika kopo la biskuti na kulirudisha chini ya kitanda.

Tarehe 30 nayo ni Jumatatu. Fedha za rejesho ninazo, zimo ndani ya bahasha, zimetimia. Nimefikiri sana na nimeamua kutozipeleka siku hiyo. Nitachelewa kidogo tu. Saa nne nitakuwa hapa mezani.

Simu nitaiacha ilie mara tatu kwanza. Asije akadhani nilikuwa nasubiri.