Kamera Isiyotaka Kufa

Jumatatu, 4 Machi

Bado ipo. Wiki ya kumi na moja sasa pale dirishani dukani, imegeuzwa robo, kama mtu anayejua upande wake mzuri. Kamera ya DSLR, ile ya kubadilisha lenzi, ya daraja la kati: si ya wanafunzi, si ya mabwanyenye. Ya mtu kama mimi. Muuzaji ameacha kuniuliza kama nanunua. Ananipa niishike, anatazama saa, kisha ananinyang'anya kwa adabu. Jana alinipa dakika tatu, leo mbili. Sijui nimemkosea nini.

Nikarudi studio kwa Kikongwe.

Kikongwe ni kamera ya Shangazi. Marehemu mumewe aliinunua miaka kumi na mmoja iliyopita, nayo enzi zake ilikuwa ya daraja hilohilo la kati. Nzito kama tofali. Rangi imebanduka pembeni, chuma kinachungulia. Studio ni ya Shangazi. Mimi ni mtoto wa kaka yake na mpiga picha wake wa pekee. Sharti lake ni moja na halina rufaa: kitu kizima hakizikwi. Kikongwe akifa, tutanunua mpya. Maadamu anabofya, nisimletee habari za dirishani.

Tarehe 23 ni mahafali ya chuo cha wauguzi, na kazi tumepewa sisi. Miwani, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, ameniuliza kwa upole kama nitakwenda na kile kitofali changu au nitaazima kamera. Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Kikongwe lazima afe kabla ya tarehe 23. Kifo cha kawaida. Mimi nitamkumbusha tu.

Jumanne, 5 Machi

Joto. Nimemlaza Kikongwe juu ya bati la jikoni kuanzia saa sita hadi saa tisa. Plastiki huyeyuka, gundi huachia. Hayo nimeyasoma mwenyewe. Saa tisa nikapanda ngazi, nikamshika kwa mkono mtupu. Kosa. Ngozi kidogo ya kiganja imebaki kwake.

Saa kumi akapiga picha sita za pasipoti. Zote safi. Mteja mmoja akasema hajawahi kuonekana mtu wa maana namna ile.

Shangazi akauliza mkono una nini. Nikasema birika. Akanipaka dawa, huku akinieleza jinsi mtu mzima anavyoshika birika.

Alhamisi, 7 Machi

Kuanguka. Tangu asubuhi nimefanya mazoezi ya kupiga chafya ili isionekane ya kubuni. Mbele ya Shangazi nikapiga moja kubwa, kiwiko kikaenda, Kikongwe akatoka kaunta hadi sakafuni kwa kishindo. Nikafumba macho. Nikaandaa sura ya msiba.

Kigae kimepasuka vipande vitatu. Kikongwe hana hata mchubuko mpya, au anao na umejificha kati ya ile ya zamani.

Miwani akavuka barabara kuja kuona kilichoanguka. Akamwokota, akampima uzito kiganjani, akabofya mara mbili akiwa ametega sikio. Akasema hizi hawazitengenezi tena, bwana. Kejeli hiyo, namjua. Lakini Shangazi ametabasamu siku nzima. Mimi nimeshinda nimepiga magoti nikibandika kigae.

Jumamosi, 9 Machi

Maji. Timu ya mpira ya karakana ilitaka picha ya pamoja uwanjani. Wingu nililiona tangu saa nne, ndiyo maana nikachelewesha mambo hadi saa sita. Mvua ikashuka. Wachezaji wote wakakimbilia chini ya paa. Mimi nikabaki katikati ya uwanja na Kikongwe, kichwa wazi, nikijifanya nawapiga kwa mbali. Dakika ishirini nzima. Maji yalikuwa yakitoka viatuni kama kwenye bomba.

Kikongwe nimemfuta kwa leso. Mzima. Mimi nina homa.

Nahodha amemfuata Shangazi kumwambia hajaona kijana mwenye moyo wa kazi kama mimi. Wameagiza picha kubwa ya kutundika. Shangazi akaniletea chai ya tangawizi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema marehemu naye alikuwa hivihivi, mvua haikumtoa uwanjani. Nikageukia ukutani. Mtu kusifiwa kwa tendo la nia mbaya: sijui dhambi hiyo inaandikwa safu gani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempeleka Kikongwe kwa Fundi, yule wa redio na kamera nyuma ya soko. Nikamwomba amwandikie cheti cha kifo. Akasema mgonjwa hufunguliwa kwanza.

Heri angeniacha na ujinga wangu. Ndani ni mbavu tupu za magnesiamu. Ni chuma chepesi, akasema, lakini hakipindi. Kila mlango una ukanda wa mpira: wa betri, wa kadi, hata vitufe vimevishwa. Akasema huyu atakuzika wewe, kisha atapiga picha za mazishi.

Nikamtajia ile ya dirishani. Akasema mbili kama hiyo zimeshapita mezani kwake kabla ya kufikisha mwaka. Daraja lilelile, jina lilelile, ila chuma wamekitoa wakaweka plastiki, na mpira wameuweka pale macho ya mnunuzi yanapofika. Ganda la yai lililopakwa rangi ya jiwe. Nimemsikiliza kwa huruma. Fundi anayesifu kisichoharibika ana wivu, au njaa imempanda kichwani.

Lakini! Kabla ya kumfunga akasoma hesabu. Shata, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapobofya, imetengenezwa kuhimili mibofyo laki moja na nusu. Kikongwe amefika laki moja na elfu kumi na nane. Bado elfu thelathini na mbili tu!

Nimekwenda dirishani nikiwa karibu kuimba. Nimeiambia ivumilie.

Jumatano, 13 Machi

Siku mbili nimejifungia chumba cha nyuma. Pazia nimelishusha, kadi nimeitoa, betri tatu zinapokezana kwenye chaja. Naupiga picha ukuta. Ukuta huu sasa naujua kuliko ndugu zangu. Una ufa unaofanana na pua ya Miwani. Kidole cha shahada kimevimba, nimehamia cha kati. Shangazi nimemwambia nasafisha mashine.

Leo saa tisa akaja mlangoni. Nikajua nimekamatwa. Wala hakuangalia mikono yangu. Aliegemea mlango akasikiliza, kisha akavuta kigoda akakaa.

"Nyumba ilikuwa na sauti hii," akasema. "Akirudi kazini anabofya tu hovyo. Ananipiga nikipika, nikifua, nikiwa nimemnunia. Nilikuwa namwambia acha, bwana, acha." Akaelekeza kidevu kwa Kikongwe. "Wewe usiache, mwanangu. Endelea."

Sasa hapo mtu afanye nini? Nikaendelea. Mibofyo elfu moja na ushei, yeye amekaa palepale, mikono mapajani, anatazama ukuta kama una kitu. Hii haikuwemo kwenye mpango.

Ijumaa, 15 Machi

Laki moja na nusu imetimia saa nne na robo asubuhi. Nikamwinua Kikongwe, nikamuaga kwa heshima. Nikabofya mmoja wa ziada, wa kuhakikisha. Akabofya. Nikabofya mwingine. Mia tano ya ziada, hakukohoa hata mara moja!

Nikamkimbilia Fundi. Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyemeza shilingi. Akasema ile hesabu ni kama umri wa kustaafu. Watu hawafi asubuhi ya kustaafu.

Basi, nimefanya ambalo sikutaka kulifanya. Kipande cha selotepu, kidogo kama ukucha, nimekibandika juu ya vyuma vya betri, umeme usipite. Nikampelekea Shangazi. Nikasema amekwenda. Akajaribu swichi. Akajaribu tena. Akamfunga Kikongwe katika shati la marehemu, akamlaza kwenye droo ya chini, akasema kesho twende dukani.

Furaha imekuja. Imechelewa kidogo njiani, lakini imekuja.

Jumamosi, 16 Machi

Yangu!

Muuzaji alianza kwa kufuta alama za pua yangu kwenye kioo, ndipo akaitoa. Nyepesi kama mkate. Ina harufu ya sanduku jipya. Nimekula nayo mezani, nimeipa kiti chake. Kikongwe alikuwa anasema "kla", jirani wa tatu anasikia. Hii inasema "tsi", kama mgeni wa heshima anayekataa chai.

Miwani alikuja kuitazama. Akaisifu kwa ufupi. Akauliza Kikongwe yuko wapi. Nikasema amefariki. Akavua miwani yake akaifuta muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kununua hata maiti. Nikamjibu kwa ukali kwamba haiuzwi. Mpaka sasa sijui nilikasirikia nini.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika haraka ili niyamalize.

Wauguzi mia moja na arobaini, wamepangwa ngazini, kofia zimenyooka. Wazazi nyuma yangu. Shangazi pembeni, alikuja kunisaidia kupanga watu. Nimepanda kiti ili niwapate wote. Kabla ya kuanza nikaitundika kamera kwenye mgongo wa kiti cha jirani, nipandishe suruali kidogo. Ikateleza. Haikuangukia kigae wala jiwe. Iliangukia majani, tena majani marefu. Ikatoa sauti ya biskuti. Ule mdomo unaoshika lenzi umepasuka wote. Lenzi ikabingirika hadi kwenye kiatu cha mkuu wa chuo.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nikasikia mzazi mmoja akimwambia mwenzake akamwite yule wa ng'ambo ya barabara.

Ndipo Shangazi akafungua mkoba wake. Likatoka shati la marehemu. Ndani ya shati, Kikongwe. Akawasha. Akawaka.

Selotepu alikuwa ameibandua tangu Jumapili, alipofungua droo kumshika tu, akaishia kufungua na mlango wa betri. Wiki nzima tumekula meza moja na hakunitajia.

Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini niisikie mimi tu: "Mume wangu alikufa kweli. Nilimpapasa kila mahali, hakuwa na selotepu ya kubandua." Kisha akaninyooshea taa. "Shika."

Nikashika. Akapiga mwenyewe. Sikujua anajua. Aliweka mguu mmoja mbele, akawaambia wauguzi wamfikirie mgonjwa wao wa kwanza atakayerudi nyumbani kwa miguu yake. Nyuso mia moja na arobaini zikabadilika kwa pamoja. Kla. Kla. Kla. Jicho lake lilikuwa limebanwa pale pale marehemu alipokuwa akibana lake, na hakulitoa hata baada ya watu kutawanyika. Taa ikaniinamia mkononi. Akaniambia niinue.

Jumatatu, 25 Machi

Shangazi ndiye mpiga picha sasa. Wateja wanamuulizia yeye. Kikongwe ananing'inia kifuani pake kutwa, hata akipika, na leo nimemkuta akijipiga mwenyewe kwenye kioo, amenuna, kisha akacheka peke yake. Mimi nabeba taa, nafagia, nawachana nywele watoto wa picha za shule. Kamera yangu iko kwa Fundi. Anasema kipuri kitatoka mbali, miezi minne au mitano, lakini itapona.

Nimemwomba Shangazi msamaha. Amenisamehe haraka mno, na hilo ndilo limeniuma. Akasema kazi itanirudia siku nitakapokuwa na kamera, na kamera nyingine hanunui maadamu ile ya plastiki ingali hai.

Nimetafakari sana. Tamaa imenidhalilisha mbele ya chuo kizima. Nimeapa kubadilika. Kisha nikapita karibu na lile duka, kwa bahati mbaya, mara nne.

Wameweka nyingine. Daraja la kati, lakini kidato cha juu yake kidogo. Muuzaji anaapa kwamba hii ni chuma kweli, mpira kila mlango. Akanipa niishike. Dakika tano! Baridi, nzito, imetulia mkononi kama mtu anayekusubiri umalize kusema.

Kesho asubuhi naenda kwa Fundi kumjulia hali mgonjwa. Nitabeba machungwa. Na nyundo ndogo.